Kiganja Chekundu cha Jumwa

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika ili nisimfokee mtu. Daftari ni lile la vipimo vya wateja, nimeligeuza nyuma mbele. Mteja akija kuniuliza mbona kiuno chake kimekaa ukurasa mmoja na masaibu yangu, hilo ni lake.

Shule zimefunguliwa leo. Nimempeleka Jumwa Kisauni, kwenye darasa la watoto wenye mahitaji maalumu, na kikapu changu cha kadi mkononi. Mwanangu ana miaka minane. Anasikia, anaelewa, ukimtuma chumvi anakuletea chumvi, lakini maneno hayatoki. Daktari alishasema masikio mazima, ulimi mzima, kasoro iko kule ambako maneno hupangwa kabla ya kutoka. Sasa mwalimu wake, Nadira, alituagiza wazazi tutumie likizo kutengeneza kadi za picha, ili mtoto aonyeshe kile asichoweza kutamka. Nimekata maboksi ya sabuni, nimechora, nimeandika, nimezungushia selotepu, nimetoboa na kupitisha lastiki ya kushonea avae shingoni. Mimi ni fundi cherehani, kazi ya mikono hainishindi. Nimefika pale nikijivuna.

Nadira amezipitia moja moja. Shikamoo. Abee. Asante. Naomba. Samahani. Akaziweka mezani, akacheka mpaka mtandio ukamtoka kichwani.

"Mama Jumwa, huyu mtoto wataka azungumze, ama wataka awe karani wa mapokezi?"

"Adabu kwanza, Mwalimu."

"Adabu naitaka, wallahi. Lakini hana hata la kuitisha maji! Na la kukataa liko wapi?"

"Kukataa nini?"

"Chochote."

Nikamwambia kwetu mtoto hamwambii mtu mzima sitaki. Akachukua kalamu nyekundu, akachora kiganja kilichofunguliwa, kama cha askari anayesimamisha gari, na chini yake akaandika SITAKI. Akaongeza maji, chai, uji, choo, inauma na nyumbani. Nimerudi nyumbani Bombolulu nimenuna.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua. Jumwa ameitafuna kadi ya chai.

Ijumaa, 2 Mei

Amesema! Nimemwekea uji, akautazama, akapekua kamba yake kadi kwa kadi, kisha akanishikia kile kiganja chekundu mbele ya pua. Nimesimama na kijiko hewani. Miaka yote hii nangoja neno la kwanza, nikidhani litakuwa mama. Nimelia, nimecheka, nimeumwaga uji wenyewe. Nimempigia simu baba yake, Changawa, kazini kwake Changamwe ambako anaendesha mashine ya kuinulia makontena. Nimemwambia mtoto amesema hataki uji.

"Sasa amekula nini?" akauliza.

Jumanne, 6 Mei

Sitaki kuoga. Sitaki kuchanwa. Sitaki sare. Sitaki mchicha. Sitaki kulala, sitaki kuamka. Kadi nyingine zote bado zang'aa, hii moja imeshaanza kupinda pembe. Rispa, jirani yangu wa mlango wa pili, mtu wa bara, ameniomba nimtengenezee ya kwake.

"Ya landlodi tu, Mama Jumwa. Akikuja namwekea hivi, zii, narudi kulala."

Nimemwambia aende zake, nina mtu mmoja wa sitaki na ananitosha.

Jumamosi, 10 Mei

Mama mkwe amefika. Mvua imeangusha ukuta wa nyumba yake kule Kaloleni, na Changawa amesema atakaa nasi mpaka ujengwe. Sote tukimtaja tunasema Hawe, yaani bibi, kwa ajili ya Jumwa, ingawa Jumwa mwenyewe hajawahi kumwita. Ndilo neno la kwanza alilolisema mlangoni, hata hajafunga mwavuli: "Mimi nataka nimsikie huyu mtoto akiniita Hawe kabla sijafukiwa."

Akanyoosha mkono apewe shikamoo. Jumwa akamwonyesha kiganja chekundu.

"N'ni hiki?"

Changawa akatazama dari. Nikasema, "Mchezo wa shule, Mama."

Jumapili, 11 Mei

Kanisani mchungaji ameita watoto wenye shida waje mbele. Hawe akamshika Jumwa mkono, nikabaki kwenye benchi nikiomba Mungu mengine kabisa. Mchungaji akamwekea mkono kichwani na kuanza kunguruma kwenye kipaza sauti, na mwanangu, mbele ya kanisa zima, akainua kiganja chekundu mpaka usoni pa mchungaji. Kinanda kikanyamaza. Mke wa mchungaji alizika uso kwenye leso, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

Tulipofika nyumbani ndipo Changawa alipofunguka.

"Mtoto umemfunga kamba shingoni kama mbuzi, na bado anatutukana mbele za watu."

"Hajatukana. Amekataa."

"Kuna tofauti gani?"

Hawe akatia lake: "Samaki mkunje angali mbichi, Mama Jumwa." Samaki mwenyewe alikuwa amelala kwenye paja lake, kavua viatu. Maana hilo nalo lazima niliandike: wanapendana. Analala mkeka mmoja na bibi yake, na Hawe humwimbia nyimbo za kwao mpaka usingizi umchukue. Ndiyo maana sipati hata mtu wa kumchukia vizuri.

Jumatano, 14 Mei

Hawe ana njia yake. Anashika kikombe cha chai juu na kusema, "Sema chai. Sema, nikupe." Jumwa anaonyesha kadi ya chai, ile iliyotafunwa. "La, sema kwa mdomo." Kadi. "Kwa mdomo." Mpaka chai imepoa, Jumwa akaacha chai akaenda kunywa maji ya mtungi. Nikasema, Mama, ameshasema. Akaniambia ukimpa mtoto picha, mdomo hupata uvivu, kwani mdomo utafanya kazi ya nini?

Na mimi mwenyewe huliwaza hilo kila siku.

Jumatatu, 19 Mei

Maji magotini njia nzima. Hakuna mteja. Hawe anasema Kaloleni mvua ni kubwa zaidi na mafundi hawawezi kuanza.

Alhamisi, 22 Mei

Kadi ya SITAKI haipo. Nimeinua godoro, nimepekua ndoo ya taka, nimemlaumu Cheryl, binti wa Rispa, mtoto wa watu. Hawe alikuwa ameketi ananitazama nikihangaika.

"Usimlaumu mtoto wa watu," akasema. "Nimeitia jikoni jana. Imewaka vizuri."

Hivyo tu, bila haya, kama mtu anayekwambia amezima taa. Changawa akasema labda ni heri. Nadira amechora nyingine.

Ijumaa, 23 Mei

Na hiyo nyingine pia.

Jumapili, 25 Mei

Nimekataa kwenda kanisani. Hiyo kadi, Mungu anajua, imeniudhi mimi kuliko mtu yeyote katika nyumba hii. Ndimi ninayekimbizana na mtoto kwa beseni. Ndimi ninayetazamwa njiani. Lakini jana nilimwona Jumwa akipekua kamba yake, mbele nyuma, mbele nyuma, akitafuta lile neno na halipo, na Hawe anamlazimisha mchicha. Mwishowe alifungua mdomo akala, machozi yanamtoka. Hawe akasema, "Waona? Ametii." Mimi nikaona kitu kingine. Nimeona mtoto aliyenyang'anywa neno lake la pekee, na aliyelinyang'anya anajisifu.

Basi wakati wao wanaimba kanisani, nimechukua vipande vyekundu vilivyobaki kwenye sare za kwaya, nikakata viganja, nikavishona kifuani mwa kila gauni la Jumwa. Mshono wa mashine, mara mbili, pembe zimekazwa. Anayetaka kukitoa atalazimika kuchana gauni.

Jumwa ameelewa mara moja. Anakipiga kwa mkono wake, pap, na sasa sitaki ina sauti.

Jumanne, 3 Juni

Jioni nimemkuta Hawe ameshika tochi ya simu, amempanua Jumwa mdomo kama anayenunua ng'ombe. Pap, pap, pap, Jumwa anajipiga kifua, na Hawe anaendelea kuchungulia.

"Baba Jumwa, njoo uone. Ulimi umefungwa. Uzi huu hapa chini ndio umemshika. Kuna mzee Kisauni, Mzee Faki, amekata nyuzi za watoto wengi. Ni wembe kidogo tu, damu kidogo, na mtoto yuwasema."

Nikamwambia daktari alimwangalia ulimi na hauna kasoro yoyote. Nikamwambia wembe wa mtu asiye daktari chini ya ulimi ni damu isiyokatika, ni kidonda, ni mtoto kushindwa hata kula.

"Daktari amemfanya akasema?" akauliza Hawe.

Nikamgeukia Changawa. Amekaa na simu yake anatazama mpira.

"Mama ameona mengi," akasema.

"Na wewe umeona nini? Wewe ni baba yake!"

"Basi, Judy. Hakuna anayeenda popote."

Nimelala na maneno hayo, lakini sikuyaamini sana.

Alhamisi, 12 Juni

Sijatulia bado, mwandiko na usomeke hivyo hivyo.

Leo darasa la Jumwa limeingia maji, wakarudishwa. Nilikuwa na sare za kwaya za kumalizia, nikamwacha na Hawe, nikaenda kibandani kwangu pale barabarani. Saa saba nimerudi kula. Kufuli mlangoni. Nimefungua kwa ufunguo wangu: kamba ya kadi imetundikwa msumarini, na viatu vya Jumapili vya Jumwa havipo. Nimesimama mbele ya ile kamba nikiitazama. Mtu anayempeleka mtoto dukani hamvalishi viatu vya Jumapili.

Rispa akatoa kichwa dirishani. "Wametoka, Mama Jumwa. Shosho yake alisema wanaenda kuona mzee fulani huko Kisauni. Nikadhani unajua."

Nikampigia Changawa. "Umemruhusu?"

Nikasikia mashine zikipiga honi nyuma yake.

"Mama alisema ni kuangaliwa tu."

"Kuangaliwa kwa wembe?"

Sikungoja jibu. Nimepanda bodaboda, na kijana akaanza kunieleza habari za matope na breki zake. Nimemfokea jinsi sijapata kumfokea mtu, maskini, na akaenda. Kisauni nimemuuliza mama anayekaanga viazi karai nyumba ya Mzee Faki, akanionyesha kwa kijiko chake bila hata kuuliza, kana kwamba wanawake hupita kila siku wakikimbia.

Mlango ulikuwa wazi. Jumwa ameketishwa mkekani kati ya magoti ya Hawe, uso juu, Hawe amemshika kichwa kwa mikono miwili. Mzee Faki ameinama mbele yao na kitambaa, na kando yake sahani yenye pamba na wembe. Redio ilikuwa inasoma habari. Na mwanangu anajipiga kifua. Pap, pap, pap, juu ya kile kitambaa chekundu. Hakuwa analia. Alikuwa anakipiga kama mtu anayebisha hodi.

Nikafungua mdomo nipige kelele, haikutoka. Wallahi haikutoka hata pumzi. Nimesimama pale mlangoni, mtu mzima, na maneno yote yamenikwama.

"Hapo kifuani ana nini?" Mzee Faki akamuuliza Hawe. "Pamuuma?"

Hawe akazidi kumkaza kichwa.

"Nakuuliza wewe, mama. Mtoto ajipiga hivi, mimi sitii wembe kinywani mwake nami sijui ana nini. Akinifia hapa?"

"Hapamuumi."

"Basi afanya nini?"

Hawe angeweza kudanganya. Mimi nilimdanganya yeye siku ya kwanza, nikamwambia ni mchezo wa shule. Lakini mama mkwe wangu ana ila zote, uongo hana. Nikaona mikono yake ikilegea kichwani mwa mtoto.

"Yuwasema," akasema polepole. "Yuwasema hataki."

"Asema?"

"Ndiyo."

Mzee Faki akanyoosha mgongo kwa hasira. "Sasa mbona uliniambia hasemi? Mimi nakata wasiosema! Huyu asema, tena asema nami hapa, usoni pangu. Mchukue mjukuu wako. Kesho uniletee polisi, waseme mtoto alikataa na mzee akakata? Mimi na polisi sitaki kujuana." Akachukua sahani yake na kuongeza sauti ya redio.

Ndipo nikaingia. Nimembeba Jumwa na uzito wake wote. Hawe akainuka kwa kushika ukuta, akatufuata mpaka kwenye tuktuk. Mvua ilikuwa inaingia upande, Hawe akanyoosha mkono amfunike Jumwa na leso yake. Pap. Mkono ukarudi. Tukafika Bombolulu hivyo.

Jioni nimemwambia Changawa yote yaliyo moyoni mwangu tangu tuoane, na mengine ya kabla. Amesikiliza akiwa amesimama, hata buti hajavua.

"Nilidhani..." akaanza.

"Ulidhani nini?"

"Nilitaka aniite baba. Mara moja tu, Judy."

Hilo nalo limeniudhi. Nilikuwa bado nina hasira nyingi za kutumia.

Ijumaa, 13 Juni

Hakuna anayesema na mwenziwe. Nyumba nzima tumekuwa Jumwa.

Jumapili, 22 Juni

Mvua zimeanza kupungua. Jumwa bado analala kwangu. Hawe akimwita haendi, na usiku namsikia bibi wa watu akiimba peke yake kwa sauti ya chini, kisha anaacha katikati. Nilidhani nitafurahi.

Leo mchana Hawe ameketi mlangoni anamenya chungwa. Akatoa kipande, akakinyoosha.

"Wataka?"

Pap.

Nikangoja hotuba. Nikangoja samaki na kukunjwa kwake. Hawe akakitazama kile kipande, akasema, "Haya. Nimesikia," akakila mwenyewe. Baada ya kitambo akatoa kingine. "Wataka?" Pap. "Haya. Nimesikia." Chungwa likaisha hivyo, Hawe akachukua la pili, akaanza kumenya upya bila kuinua macho. Jumwa akasogea. Akakaa, si karibu sana. Kipande kilipokuja, akakipokea.

Nimeingia ndani nikapiga pasi nguo ambazo nilishazipiga.

Jumanne, 1 Julai

Ukistaajabu ya Musa, utayaona ya Firauni. Nimeshika beseni, namwita Jumwa akaoge. Pap. Namwambia hakuna pap leo, umecheza matopeni. Pap. Na nyuma yangu, kutoka mkekani, nasikia:

"Mama Jumwa, mtoto amesema hataki. Kwani husikii?"

"Mama, ananuka!"

"Yuwanuka, ndiyo. Lakini amesema. Muulize atataka saa ngapi."

Changawa alikuwa anakula. Nikamgeukia anisaidie, nikamuuliza kama ataongezewa ugali. Akajipiga kifua. Pap. Wote watatu wakacheka, na Jumwa akacheka kuliko wote. Nimeliweka beseni chini nikaenda kwa Rispa kulalamika, na Rispa ananiambia eti niliyataka mwenyewe.

Jumwa ameoga jioni, alipotaka. Amenionyesha kadi ya maji. Sitamwambia Hawe.

Jumamosi, 12 Julai

Kumekauka. Ukuta umekwisha, umekandikwa, na Nguma, mpwa wa Changawa, amekuja na pikapu kumrudisha Hawe Kaloleni. Nisifiche: siku hii nimeingoja. Jikoni kwangu nitapika nitakavyo, na mtoto ataoga nikisema aoge. Mfuko wa Hawe nimeupanga mwenyewe jana, nikaufunga vizuri, nikauweka mlangoni.

Nikamwambia Jumwa avae viatu tumsindikize bibi yake. Pap.

"Jumwa, viatu."

Pap, pap. Na amekwenda kuketi juu ya mfuko.

Nguma anapiga honi. Nikamshika mkono nimwinue. "Kila siku sitaki, kila siku sitaki! Hata leo ya kumuaga Hawe, unagombana na viatu?"

"Mwache," akasema Hawe. "Si viatu."

"Vinambana, Mama, navijua."

"Si viatu, nakwambia."

Akajiinamisha, ingawa goti lake moja ni bovu, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Changawa alikuwa ametoka chumbani, akasimama.

"Jumwa. Wataka Hawe aende?"

Safari hii hakukipiga. Ameuweka mkono juu ya kile kiganja chekundu, akauacha pale pale, akamtazama bibi yake usoni. Sijaona mtu akitazamwa hivyo. Hawe naye hakugeuza macho, wala hakupangusa machozi yaliyokuwa yakimshuka.

Honi ikalia tena.

"Nguma!" Hawe akaita, angali amepiga goti. "Nenda zako, mwanangu. Nimeambiwa nisiende."

Akavua viatu. Changawa akamsaidia kuinuka, na Jumwa akamshika leso na kumvuta mpaka mkekani. Mimi nimebaki mlangoni na mfuko. Nimeufungua, nikarudisha nguo zake kabatini, gauni kwa gauni, leso kwa leso. Viganja vyote nilimshonea Jumwa, mwenyewe sikujibakishia hata kimoja.